Wakatalani ni Wahispania au ni watu wengine kabisa? Na Kikatalani ni lugha au lafudhi tu?

Kijiwe_Tabata

Wakuu salama? Mwenye kujua historia anisaidie maana hapa kijiweni tumebishana mpaka watu wamenuniana. Tulikuwa tunaangalia marudio ya mechi za zamani za Barça, pale Camp Nou ikifika dakika ya 17 na sekunde 14 uwanja unapiga kelele za kudai uhuru, jamaa mmoja akasema hao ni Wakatalani sio Wahispania, wana taifa lao na lugha yao, mwingine akamkatalia katakata, anasema hakuna lugha pale, ni Kihispania kilekile cha lafudhi ya mkoani na wanataka kujitenga kwa sababu wana hela. Sasa naomba kujua, hawa watu wametokea wapi, Kikatalani ni lugha au ni lahaja, na hii habari ya kwamba walikatazwa kuongea lugha yao ni kweli au ni chumvi za mashabiki? Alafu kuna mtu kasema kuna nchi nzima ina kiti Umoja wa Mataifa na lugha yake rasmi ni Kikatalani peke yake. Ni nchi gani hiyo?

Mwalimu_wa_Moro

Mkuu huyo wa lafudhi amepotea, na nitaeleza kwa kirefu kidogo maana historia hii naipenda sana. Wakatalani ni wenyeji wa Katalonia, mkoa wa Hispania ambao mji wake mkuu ni Barcelona, na wengine wako maeneo ya jirani.

Kikatalani hakijatoka kwenye Kihispania. Vyote viwili pamoja na Kifaransa, Kiitaliano na Kireno vimezaliwa na Kilatini cha mitaani walichokuja nacho askari na wafanyabiashara wa Roma, na Warumi walitia nanga Empúries, pwani ya kaskazini mashariki mwa Hispania, mwaka 218 kabla ya Kristo. Dola la Roma lilipoanguka kila upande ukabaki na Kilatini chake kikabadilika taratibu, huku mashariki chini ya milima ya Pirenei kikawa Kikatalani, kule Castilla, katikati ya Hispania, kikawa hicho tunachokiita Kihispania, kwa hiyo ni ndugu, sio baba na mtoto. Angalia mwenyewe, dirisha Mhispania anasema ventana, Mkatalani anasema finestra, kuongea ni hablar na parlar, kula ni comer na menjar, meza ni mesa (karibu sawa na hii tuliyoachiwa na Wareno) lakini Mkatalani anasema taula. Mpe Mwitaliano maneno hayo uone yapi atayatambua haraka. Ndugu yake wa karibu kabisa ni Kioksitani cha kusini mwa Ufaransa.

Upande wa watu wenyewe, Waislamu walivuka kuingia Hispania mwaka 711, baada ya hapo Wafranki wa mfalme Charlemagne wakashuka kutoka kaskazini, wakachukua Girona 785 na Barcelona 801, wakaigawa ile nchi ya mpakani kuwa vijimbo vidogo vidogo kila kimoja na mtawala wake. Mmoja wao alikuwa Guifré, aliyefariki 897, ambaye baada yake utawala wa Barcelona ukawa wa kurithishana ndani ya ukoo badala ya kuteuliwa na mfalme wa Wafranki. Mwaka 985 jemadari Al-Mansur wa Córdoba, makao ya Waislamu, akaishambulia Barcelona akaichoma, watu wakaomba msaada kwa mfalme wao kule kaskazini, msaada haukuja, na mwaka 988 mtawala Borrell II hakwenda tena kula kiapo cha utii kwa mfalme mpya. Wakatalani wengi wanahesabu mwanzo wao hapo.

Mwaka 1137 mtawala wa Barcelona, Ramon Berenguer IV, akaposa binti wa mfalme wa Aragon, nchi jirani, aliyeitwa Petronila, mtoto mchanga kabisa, na nchi mbili zikawa chini ya taji moja lakini kila moja ikabaki na sheria zake, baraza lake na lugha yake. Hilo lishikeni maana ndiyo kiini cha ugomvi wote wa baadaye. Taji hilo likawa dola la bahari, mfalme Jaume I akachukua kisiwa cha Mallorca 1229 na Valencia 1238, waliomfuata wakafika Sisilia 1282 na Sardinia miaka ya 1320, na kule Sardinia kuna mji unaitwa Alghero ambako Wakatalani walihamishiwa mwaka 1354, mpaka leo kuna wazee wanaongea Kikatalani ndani ya Italia. Sheria za biashara ya bahari zilizotumika Mediterania kwa karne kadhaa, kitabu cha Consolat de Mar, zimeandikwa kwa Kikatalani. Mallorca alizaliwa Ramon Llull, huyu bwana alijifunza Kiarabu na aliandika falsafa kwa Kikatalani karne ya 13 wakati wasomi wa Ulaya karibu wote walikuwa wanaandika Kilatini. Na hapohapo Mallorca mwaka 1375 Myahudi aitwaye Abraham Cresques, ndiye anayetajwa kuwa mchoraji, alitoa ramani kubwa ya dunia ambayo sasa iko Paris, ile picha ya Mansa Musa wa Mali amekaa kwenye kiti cha enzi na kipande cha dhahabu mkononi ambayo nyote mmeiona mitandaoni inatoka humo, na maelezo pembeni yake ni Kikatalani. Watu wanaisambaza kila siku hawajui ni lugha gani ile.

Baada ya hapo mambo yakapoa. Tauni ya 1348 iliua watu wengi mno, mwaka 1410 ukoo wa wafalme ukaisha, 1412 taji likaenda kwa familia ya Castilla, 1469 Ferdinand akamwoa Isabella, waandishi wakubwa na matajiri wakaanza kuandika Kikastila, yaani Kihispania. Ila sheria za Katalonia na serikali yao iitwayo Generalitat, iliyoanza 1359, zilibaki.

Kilichozimaliza ni vita ya nani arithi kiti cha Hispania. Wakatalani waliishia upande wa mtawala wa Austria pamoja na Waingereza, Waingereza wakafanya mkataba wao Utrecht 1713 wakaondoka zao, Barcelona ikabaki peke yake imezingirwa zaidi ya mwaka mzima mpaka ilipoanguka tarehe 11 Septemba 1714. Ndiyo hiyo 17:14 ya uwanjani. Mshindi, Felipe V, akabomoa sehemu kubwa ya mtaa wa Ribera, nyumba za watu, kujenga ngome ya kuwaelekezea mizinga wenye mji, akafunga vyuo vikuu akaweka kimoja tu Cervera, na mwaka 1716 ikatoka amri ya Nueva Planta iliyofuta sheria zao na kufanya mahakama kuu ifanye kazi kwa Kikastila. Muda mfupi baadaye maofisa walipewa maelekezo ya siri kwamba waingize Kikastila kwa ustadi, matokeo yapatikane bila watu kugundua juhudi zinazofanyika. Mtu akisoma maelekezo yale hawezi kusema ilikuwa bahati mbaya.

Bandari_Salama

Mwalimu umeeleza vizuri lakini naomba tusiwapake mafuta sana. Hao unaowaonea huruma ndio walioiteka Mallorca na kuuza wenyeji wake Waislamu utumwani, na baada ya 1714 hawakukaa kulia, karne ya 18 mfalme alipofungua biashara ya Amerika kwa bandari nyingi zaidi Barcelona ilineemeka, karne ya 19 wakatalani wengi wakaenda Cuba kulima miwa kwa jasho la Waafrika, na hela ile ikarudi kujenga viwanda vya nguo na majumba ya kifahari. Sanamu ya Antonio López, tajiri wa meli aliyetajirika Cuba na anayehusishwa na biashara ya watumwa, ilisimama Barcelona mpaka manispaa ilipoitoa mwaka 2018. Hata Guinea ya Ikweta, iliyokuwa koloni la Hispania, wamisionari wa shirika lililoanzishwa na Mkatalani, Antoni Maria Claret, walifika 1883 wakafundisha Waafrika Kihispania, si Kikatalani. Kwa hiyo ukisema walitawaliwa, sema pia kwamba walikula mezani kwa mtawala.

Mwalimu_wa_Moro

Bandari hayo yote ni kweli na yanapaswa kusemwa, mimi mwenyewe nafundisha hivyohivyo. Ila tutenganishe tajiri wa Barcelona na lugha. Huyo tajiri alishaanza kuongea Kikastila na wanawe nyumbani ili waonekane wa daraja la juu, lugha ilibaki kwa mkulima, mvuvi, fundi na padri wa kijijini anayehubiri watu wake. Mfalme Carlos III alitoa amri mwaka 1768 shule zifundishe kwa Kikastila lakini watoto wengi hawakwenda shule kabisa, kwa hiyo amri haikufika jikoni kwa mama yao.

Mwanamvita

Assalaam aleikum. Mimi nataka kuongezea palipo patamu zaidi, ambapo naona wengi huruka, nako ni vipi lugha iliyokuwa imeachiwa wakulima ikarudi kuwa lugha ya magazeti na vyuo. Nafanya kazi ya kuhariri vitabu vya Kiswahili, na hili huliwazia mara nyingi.

Karne ya 19 walikuja washairi, Aribau alichapisha utenzi wake wa kuisifu nchi na lugha yake mwaka 1833, mashindano ya mashairi ya kale yakafufuliwa Barcelona 1859, na padri Jacint Verdaguer, mtoto wa wakulima, akatunga tenzi ndefu zilizoonyesha kwamba Kikatalani chaweza kubeba jambo lolote. Lakini shida ikabaki, kila mtu aandika avyojua. Wa Barcelona ana yake, wa Valencia ana yake, wa Mallorca ana yake, wengine watumia tahajia ya Kikastila, wengine warudi kwa ile ya karne ya 14.

Hapo ndipo alipoingia Pompeu Fabra, na si mwanaisimu wa chuo, ni injinia aliyefundisha kemia Bilbao, lugha alijisomea mwenyewe. Taasisi ya elimu ya Wakatalani, Institut d'Estudis Catalans, ilianzishwa 1907, na chini yake Fabra akaongoza kanuni za tahajia zikatoka 1913, sarufi 1918, kamusi 1932. Sasa angalieni busara yake. Mtu wa Barcelona akitamka a na e zisizo na mkazo zote zatoka sauti moja, hazitofautishi. Ingekuwa rahisi Fabra aandike kama Barcelona inenavyo, ndio mji mkubwa, ndio wenye pesa na wachapaji. Hakufanya hivyo. Aliziacha herufi mbili mbali kwa sababu mtu wa Lleida na wa Valencia huzitofautisha, yaani akamtwisha mtu wa mji mkuu mzigo wa kujifunza tahajia ili wa mkoani asihisi lugha si yake. Na mwaka 1932 Wavalencia wenyewe walikutana Castelló wakakubali kanuni zilizotokana na za Fabra pamoja na marekebisho yao. Mimi ni mtu wa Kimvita, mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi yake Kiunguja ndicho kilichokuwa kimeshachukuliwa kuwa msingi, na Lamu na Mombasa wazee wetu waliokuwa na tenzi za karne nyingi hawakuulizwa vile. Kwa hiyo nikisoma habari za Fabra namstahi sana yule mzee.

Valencia hata hivyo mpaka leo wengi hawapendi lugha yao iitwe Kikatalani, sheria yao yaiita Kivalencia na wana akademia yao iliyoundwa kwa sheria ya 1998. Akademia hiyohiyo imekiri kwamba ni lugha moja yenye majina mawili. Wanasiasa ndio wasiotaka kulala.

Kijiwe_Tabata

Aisee nashukuru sana, nimeshawasomea hapa kijiweni kwa sauti. Sasa tuje kwa Franco, yule dikteta wa Hispania. Kuna mtu anasema ukiongea Kikatalani barabarani unafungwa, ni kweli ilikuwa hivyo?

Mwalimu_wa_Moro

Nyumbani kwako hakuna aliyekuja kukusikiliza. Ila Barcelona ilipoangukia mikononi mwa Franco Januari 1939, katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, Kikatalani kilitolewa shuleni, ofisini, mahakamani, kwenye magazeti, redio, mabango ya maduka, hata jina la mtoto, ukimwita mwanao Jordi msajili anaandika Jorge. Watu walipigwa faini, walimu wakafukuzwa au kuhamishiwa mikoa ya mbali, vitabu vikateketezwa, matangazo yakawataka watu waongee lugha ya himaya. Rais wa Generalitat, Lluís Companys, alikamatwa na Wajerumani Ufaransa alikokimbilia, wakamkabidhi kwa Franco, akapigwa risasi katika ngome ya Montjuïc tarehe 15 Oktoba 1940. Fabra mwenyewe alivuka mpaka akiwa mzee wa miaka sabini akafia Prada, upande wa Ufaransa, 1948. Hata klabu ya Barça ililazimishwa kubadili jina liwe la Kikastila, na rais wake Josep Sunyol alikuwa ameshauawa na askari wa Franco mwaka 1936, ndiyo maana watu wa pale wanauona uwanja kwa jicho lingine.

Baadaye kamba ikalegea kidogo kidogo, watawa wa Montserrat wakachapisha jarida la Serra d'Or kwa Kikatalani kuanzia 1959 kwa kivuli cha kanisa, vijana wakaanza kuimba kwa lugha yao miaka ya 60, na mwaka 1968 Joan Manuel Serrat alipochaguliwa kuiwakilisha Hispania Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, akasema ataimba kwa Kikatalani, wakamtoa wakamweka mwingine. Hiyo ni miaka 29 baada ya vita kuisha, bado wimbo mmoja ulikuwa unawatisha.

Njeri_wa_Naks

Mmesahau wale wa Ufaransa. Mwaka 1659 Hispania iliwapa Wafaransa eneo la Roussillon na mji wake Perpignan, wenyeji ni Wakatalani, hawakuulizwa. Louis XIV akapiga marufuku Kikatalani kwa mambo ya serikali mwaka 1700, alafu shule za jamhuri zikaja kumalizia kazi. Kuna kijiji huko milimani kinaitwa Ayguatébia, ukuta wa shule uliandikwa kwa Kifaransa: muwe wasafi, ongeeni Kifaransa. Yaani lugha ya mamako ni uchafu. Mimi nimesoma primary huku Rift Valley, tulivalishwa disk shingoni ukipatikana ukiongea lugha ya nyumbani, unazunguka nayo mpaka umpate mwingine umpe, jioni wote waliovaa wanachapwa. Nilipoona picha ya huo ukuta nilikasirika kama ni wa shule yangu. Na kwa Wafaransa hiyo mbinu ilifanya kazi kuliko bunduki za Franco, Perpignan leo ni wachache sana wanaongea na watoto wao Kikatalani. Aibu ndiyo iliwamaliza.

MamaZai_Sabadell

Habari zenu ndugu zangu. Mimi naishi huku, Sabadell, karibu na Barcelona, natokea Tanga, nimelea watoto huku. Mmeongea ya zamani vizuri sana, acheni niseme ya sasa maana naona yamekaa pembeni na ndiyo yanayoniuma.

Franco alikufa 1975, katiba ya 1978 ikakubali lugha nyingine kuwa rasmi mikoani pamoja na Kihispania, Generalitat ikapata sheria yake ya kujitawala 1979, na 1983 ikaja sheria ya kurudisha lugha pamoja na televisheni ya TV3. Ila shule za kufundisha kila kitu kwa Kikatalani hazikuanzia kwa Wakatalani wenye majina makubwa, zilianzia Santa Coloma de Gramenet, mji wa wafanyakazi waliokuja kutoka Andalusia na Extremadura miaka ya 50 na 60 kufanya kazi viwandani na kujenga maghorofa. Wazazi hao wanaongea Kihispania tupu, ndio waliodai watoto wao wafundishwe Kikatalani wasije kuwa watu wa daraja la pili. Hilo watu wa Madrid hawalisemi hata siku moja. Mwaka 2020 mahakama iliamuru angalau robo ya masomo iwe Kihispania na ugomvi wake hauishi.

Watoto wangu wanajua Kikatalani vizuri kuliko mimi, lakini wakitoka darasani kwenda uwanjani wanacheza kwa Kihispania, wao na wenzao wote, simu Kihispania, muziki Kihispania. Utafiti wa serikali ya huku unasema mwaka 2003 asilimia 46 ya watu wa miaka 15 na zaidi walisema Kikatalani ndiyo lugha yao ya kila siku, mwaka 2023 wamebaki asilimia 32.6. Hakuna anayekatazwa. Ni kwamba mwaka 1900 Katalonia ilikuwa na watu kama milioni 2 na sasa wamepita milioni 8, wengi tumetoka nje, na wenyewe Wakatalani wana tabia ya kugeuza lugha wakikutana na mgeni. Mimi nikiingia dukani muuzaji anaongea Kikatalani na mama aliyenitangulia, akiniona mimi mweusi anageuka hapohapo Kihispania kabla sijafungua mdomo. Anadhani ananifanyia hisani. Nami namjibu kwa Kikatalani, anarudi Kihispania, namjibu tena kwa Kikatalani, wengine wanafurahi mpaka macho yanawalenga machozi, wengine hata hawajagundua. Nimewaambia majirani zangu waziwazi, mkiendelea kutugeuzia lugha sisi wageni basi mnaiua wenyewe, maana ni sisi tunaozaa huku.

Kwa anayekuja huku, masomo ya mwanzo ya Kikatalani ya serikali ni bure, na kuna mpango unamkutanisha mgeni na mtu wa kujitolea mnakaa mnaongea tu saa moja kwa wiki, mnakunywa kahawa. Mimi mwenzangu alikuwa bibi mmoja aliyesoma enzi za Franco, anakiongea Kikatalani tangu azaliwe lakini kukiandika alijifunza ukubwani, wakati mwingine tulikuwa tunatafuta tahajia pamoja kwenye kamusi.

Na kaka wa Tabata, nchi uliyoulizia ni Andorra, hapo milimani kati ya Hispania na Ufaransa. Imeingia Umoja wa Mataifa mwaka 1993 na lugha yake rasmi ni Kikatalani peke yake, mkuu wa serikali yao Òscar Ribas alihutubia pale kwa lugha hiyo. Ila na huko madukani utasikia Kihispania, Kireno na Kifaransa, kwa sababu wahamiaji ni wengi kama kwetu Sabadell, na sasa wameweka sheria kwamba anayeongeza kibali cha kuishi aonyeshe anajua Kikatalani kidogo.

Bandari_Salama

Mama Zai hao vijana wa Morocco na Senegal wa huko nao wanakiongea, au ni Kihispania tu?

MamaZai_Sabadell

Wa mijini mikubwa wengi Kihispania, lakini nenda Vic au Manlleu uone, huko Kikatalani kinatawala barabarani na kazini, watoto wa Kimoroko wanaongea kama wamezaliwa na wakulima wa hapohapo. Mtu anaongea lugha ambayo jirani yake amekubali kuongea naye.